Uaminifu Uliogawanyika katika Karakana ya Mizinga ya Gafat, Ethiopia, Enzi ya Tewodros II

Katika karne ya 19, wahunzi wa Usukuma walifua majembe na mikuki, lakini bunduki zilizofika Ntuzu, ambako leo ni Bariadi, na kwa majirani zake zilitoka pwani zikiwa zimekwisha kutengenezwa. Mtawala wa bara aliyezihitaji alimtegemea mfanyabiashara. Hata Mirambo, alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, hakuwa na mahali pa kusubu mzinga. Mfalme Tewodros II wa Ethiopia (1855–1868) alijaribu kuuvunja utegemezi huo kwa kujenga karakana yake mwenyewe. Ilikuwa Gafat, karibu na Debre Tabor, na historia yake inaonyesha kwamba utegemezi ulihama tu: kutoka kwa mwuzaji wa silaha ukaenda kwa fundi.

Mafundi hao hawakuja kutengeneza silaha. Wengi walikuwa wamisionari wa Chuo cha Mtakatifu Chrischona, karibu na Basel, waliotumwa kwa mpango wa Samuel Gobat, askofu wa Kianglikana wa Yerusalemu, wakitarajiwa kueneza Injili huku wakiishi kwa kazi za mikono. Miongoni mwao walikuwamo Theophilus Waldmeier na Karl Saalmüller. Alifanya kazi pamoja nao Moritz Hall, mzaliwa wa Poland. Mfalme alipowaagiza kutengeneza mizinga, walijibu kwamba hawaujui ufundi huo. Watumishi wao wakakamatwa. Ndipo walipojenga tanuri, wakashindwa, wakajaribu tena, hadi walipofanikiwa.

Baada ya hapo mambo hayakuwa ya shuruti tupu, na hapa ndipo maelezo yanayowachora mafundi kama mateka tu yanapopwaya. Walipewa fedha, nyumbu na mavazi ya heshima. Waldmeier na Saalmüller walioa mabinti wa John Bell, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa mfalme na aliyeuawa vitani mwaka 1860 akimtetea. Watoto wao walizaliwa Ethiopia. Kuwaita wasaliti wa Ulaya, au watumwa wa Tewodros, ni kulipuuza jambo hili la wazi: nyumba zao zilikuwa Gafat.

Mtihani ulikuja kwa barua. Mwaka 1862 Tewodros alimwandikia Malkia Victoria akitaka urafiki, jibu halikuja. Mwanzoni mwa 1864 alimfunga balozi mdogo wa Uingereza, Charles Duncan Cameron. Hormuzd Rassam aliyetumwa kuwakomboa wafungwa alifika 1866, naye akazuiliwa. Sasa walikuwapo Wazungu wa namna mbili: waliofungwa minyororo Magdala, na waliosubu mizinga Gafat. Baadhi ya wafungwa waliwashuku mafundi kuwa wapambe wa mfalme, na mfalme naye hakuwaamini kikamilifu.

Mwaka huohuo mmisionari Johann Martin Flad alitumwa London kuomba mafundi zaidi na mitambo, mkewe na watoto wakibaki kama rehani. Serikali ya Uingereza iliwapeleka mafundi na mitambo hadi Massawa, lakini ikakataa kuwaruhusu wapande bara kabla wafungwa hawajaachiliwa. Hawakupanda. Flad alirudi peke yake, akijua kwamba jibu alilolibeba lingeweza kumgharimu maisha.

Mafundi waliokuwapo ndio waliousubu Sebastopol, mzinga wa takriban tani 7. Kuanzia Oktoba 1867 jeshi lililokuwa likipungua kila siku kwa utoro liliuburuta milimani hadi Magdala, ambako ulifika Machi 1868. Mfalme mwenyewe alishika kamba pamoja na askari wake. Tarehe 10 Aprili majeshi ya Robert Napier yaliwashinda Waethiopia Aroge. Tewodros alimtuma Flad katika ujumbe kwa Napier: mtu yuleyule, njia ileile ya kati. Wafungwa na mafundi waliachiliwa pamoja na familia zao. Tarehe 13 mfalme alijiua kwa bastola aliyozawadiwa na Malkia Victoria.

Sebastopol ulibaki Magdala, na bado upo. Waldmeier alikwenda Lebanon, akajiunga na Wakweka, madhehebu yanayokataa vita. Alianzisha shule Brummana mwaka 1873, na baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Asfuriyeh, karibu na Beirut.