Bustani za Uani Katika Pwani ya Kusini

Tarehe ya pwani ya Kwale, tangu kusini mwa Likoni hadi Vanga, aghalabu huandikwa kwa majahazi, misikiti na mashamba ya minazi. Uani, mahali ambapo mama hupika, hufua na kuotesha mrehani kando ya kisima, hupitwa bila kutajwa, kana kwamba mmea uliolelewa na mkono wa mwanamke ndani ya wigo wa makuti hauna asili wala safari. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma. Mtu akisimama katika ua wa nyumba ya kale ya Msambweni au Gazi, akauliza kila mmea ulikotoka, atatajiwa Bara Hindi, Arabuni na Amerika kabla hajafika mlango wa nyuma.

Tuanze na mtambuu, ule mmea utambaao juu ya shina la mwembe, ambao majani yake huliwa kwa popoo na chokaa. Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi, aliposhuka Mogadishu mwaka 1331, aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, pamoja na maji ya waridi ya Dameski, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni mwenye hadhi alivyokirimiwa katika pwani hii. Alipofika Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni yetu, alikuta ndizi na malimau, na tunda tamu lenye kokwa, lenye sura ya zeituni, ambalo watoto wa Tiwi wenye midomo ya rangi ya urujuani hawatahitaji kuambiwa kuwa ni zambarau. Ni dhahiri, basi, kwamba miaka 167 kabla ya merikebu za Vasco da Gama kuonekana mbele ya Mombasa, watu wa pwani walikuwa na maarifa ya kutunza miti iliyotoka mbali. Wareno nao, pasipo kukusudia kutupendeza, walifungua njia ya mimea ya Amerika: mpapai, mpera, mstafeli, mkorosho, mhogo na mpilipili, ambayo leo imekaa uani kwa uenyeji mkubwa hata mpapai huota wenyewe pale yanapomwagwa maji ya vyombo.

Lakini fahari ya ua haikuwa matunda, ilikuwa harufu. Mwasumini, mrehani, mwaridi, mlangilangi, mkadi na kilua vilikuwa hazina ya mwanamke, na aliyekuwa navyo vyote alijulikana mtaa mzima. Kazi yenyewe ilikuwa na saa zake. Asumini huchumwa baada ya alasiri, ingali vikonyo vilivyofumba, kwa maana ikishafunguka mtini harufu yake huenda na upepo. Hutungwa kwa sindano na uzi, kikonyo baada ya kikonyo, kisha hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa jani la mgomba, ili ifunguke usiku shingoni au nyweleni mwa aliyetungiwa. Kikuba kilitaka ufundi zaidi: vijitawi vya mrehani, asumini na majani ya waridi hukusanywa pamoja na vipande vya mkadi, hufungwa kwa uzi, hudondoshewa marashi, kisha hubandikwa kifuani. Na mrehani huohuo uliompamba bibi harusi ulichukuliwa tawi ukapandwa juu ya kaburi. Mmea mmoja ulitumika katika furaha na katika msiba, na hakuna aliyeona ajabu.

Maji hayakuwa rahisi, hasa Wasini, kisiwa cha mawe kisicho na maji matamu ila yaliyokingwa kwa mvua. Huko na hata bara, hakuna tone lililopotea: maji ya kuoshea mchele yalimwagwa shinani mwa mwaridi, na maji ya udhu yakapata njia yake kwenye mrehani. Mtungi uliopasuka, ambao haukufaa tena kisimani, ulijazwa udongo na samadi ya mbuzi ukawa makazi ya mche. Na lilipokuja debe la mafuta ya taa, nalo likatobolewa chini kwa msumari likafanywa vivyo hivyo. Hii leo vijana husifiwa kwa kupanda katika chupa za plastiki na makopo ya rangi, na wanastahiki sifa. Lakini hikima hiyo ni ya bibi zao.

Jambo moja hunivutia kuliko yote. Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na Diani, ambao pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, desturi ni kwamba mtu huingia amejifunga kaniki, na hatoki na kitu, hata ukuni. Mwendo mfupi kutoka hapo, uani, desturi imegeuka kabisa: mwenye mwasumini akiombwa tawi hawezi kunyima, na anyimaye huonekana bahili asiye na ujirani. Sioni mgongano hapo. Msitu ulihifadhiwa kwa kukatazwa, na bustani ikahifadhiwa kwa kutolewa, kwa sababu mmea uliotawanywa katika nyumba kumi hauwezi kufa kwa ukame wa nyumba moja.

Ama mnazi, huo ulikuwa na sheria zake. Nazi ya mbegu huachwa ikomae vizuri, hulazwa kivulini hata ichipuke, na watoto huvizia zile zisizofaa wapate kuzipasua na kula joya jeupe lililojaa ndani. Ile njema hushushwa shimoni pamoja na jivu na chumvi kidogo. Katika desturi za Wadigo, mti ulikuwa mali ya aliyeupanda, ingawa ardhi iwe ya mwingine; na kwa kuwa urithi wa zamani ulikwenda upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, baba aliyetaka kumwachia mwanawe kitu alimpa minazi yeye mwenyewe angali hai. Uislamu ulipokita mizizi, urithi wa watoto ukapata nguvu, na kesi nyingi za miti zikaamuliwa na wazee waliokumbuka nani alichimba shimo gani.

Kumbukumbu hiyo haikutosha mbele ya karatasi. Baada ya Uingereza kutwaa usimamizi wa ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wayathibitishe, na wengi ambao haki yao ilisimama kwa miti na makaburi walibaki bila hati. Tangu hapo mwenye ardhi aliweza kumruhusu mpangaji kupanda mahindi na mhogo, lakini si mnazi wala mwembe, maana mti wa kudumu ni dai la kudumu. Kwa mtu wa namna hiyo bustani iliyobaki ni ile inayobebeka: debe la mrehani, mtungi wa mshubiri wa kumwachishia mtoto ziwa, kopo la mchaichai.

Nyumba za kupanga za Ukunda zimejaa watu wenye hali hiyo leo, na ua wao ni kipande cha saruji mbele ya mlango. Kipande hicho kinatosha. Tawi la mwasumini lililokomaa, likikatwa chini kidogo ya kifundo, likapunguzwa majani na kuchomekwa katika kopo la mchanga na samadi lililowekwa kivulini, hushika mizizi katika mvua za masika bila taabu kubwa. Basi wewe msomaji, uwe Diani, Msambweni au Lungalunga, nenda ukamwombe bibi yako tawi hilo mvua zingali zinanyesha. Muulize na yeye alipewa na nani, na aliyempa alilitoa wapi, kisha uyaandike majina hayo, kwa sababu hakuna kitabu kilichoyaandika.