Lugha ya Kikao: Darasa la Jumapili la Mlimani na Umma Wake, 1967–1974

Utangulizi

Historia ya vikao vya kisiasa katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majina ya wasemaji na mada walizozizungumzia. Ni nadra kuulizwa swali jingine ambalo kwa mwanafunzi wa fasihi lina uzito uo huo: maneno hayo yalisemwa kwa lugha gani, yalisemwa mbele ya nani, na ni nani aliyebaki nje ya mlango kwa sababu ya lugha hiyo? Makala haya yanalielekeza swali hilo kwa vikao vya wanafunzi na wahadhiri wa mrengo wa kushoto vilivyofanyika Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1967. Hoja inayotetewa ni kwamba vikao hivyo, pamoja na ujasiri wake na upevu wake wa kinadharia, vilizungumza juu ya mfanyakazi na mkulima zaidi ya vilivyozungumza nao. Kiswahili kilikuwepo, tena kilikuwa kimekwisha kuzoea kubeba siasa. Lakini kilibebeshwa siasa hiyo mahali pengine, katika tamthilia na katika viwanja vya viwanda.

Baraza kabla ya darasa

Kabla ya chuo kujengwa, mji wa Dar es Salaam, kama miji mingine ya mwambao, ulikuwa na desturi yake ya mazungumzo ya hadhara. Neno lenyewe ni baraza: kiambaza cha kukalia mbele ya nyumba, na kwa upanuzi wa maana, watu wanaokutana hapo baada ya alasiri kunywa kahawa, kusikiliza gazeti likisomwa kwa sauti, kupimana ushairi na kubishana juu ya mambo ya mji. Serikali ya kikoloni ililichukua neno hilo na kuliita kwa mikutano yake, ambamo bwana shauri au chifu aliwatangazia watu amri. Nchini Kenya maana hii ya pili ndiyo iliyostawi zaidi, kiasi kwamba kwa raia wengi baraza ni mahali pa kwenda kusikiliza tu. Hivyo neno moja lilibeba mielekeo miwili ya usemi: ule unaozunguka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na ule unaoshuka kutoka juu.

TANU, iliyoasisiwa Julai 1954, iliitumia mielekeo yote miwili. Mikutano mikubwa ya viwanja vya Mnazi Mmoja ilikuwa ya msemaji mmoja na halaiki. Chini ya mikutano hiyo, hata hivyo, palikuwa na mtandao mwingine ambao Susan Geiger aliuchunguza katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU. Bibi Titi Mohamed, aliyekabidhiwa uongozi wa wanawake wa chama mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma. Alipotafuta wanachama hakuanza kwa kuitisha mhadhara. Aliviendea vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wake, michango yake na siku zake za kukutana. Wanawake waliingia chamani kwa maelfu. Inafaa kukumbuka kwamba baraza la kahawa lilikuwa la wanaume. Ngoma ndiyo iliyowapa wanawake hao kikao chao. Katika hali zote mbili, suala la lugha halikuzuka. Kiswahili hakikuteuliwa na kamati yoyote. Kilikuwa ndicho kilichokuwa vinywani.

Darasa la Jumapili

Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU lililopo mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Uhamisho huo wa kilomita chache ulikuwa na maana kubwa: kikao cha wasomi kilitoka katikati ya mji na kupanda kilimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha mamia yao makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ukafanyika mkutano mkubwa chuoni kujadili wajibu wa chuo katika nchi inayojenga ujamaa.

Katika mazingira hayo, mwishoni mwa mwaka 1967, liliundwa tapo la wanafunzi lililojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Wanachama wake walitoka Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko. Walikutana Jumapili kwa darasa la itikadi ambalo halikuwa na mtihani wala shahada. Walisoma Marx, Lenin na Fanon, wakawaalika wapigania uhuru waliokuwa na ofisi mjini, na mwaka 1968 baadhi yao walivuka mpaka kwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO huko Msumbiji. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyefundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967 na kisha 1969 hadi 1974, alikuwa miongoni mwa wahadhiri walioketi nao. Yeye alitoka Jamaika, ambako serikali ilimpiga marufuku Oktoba 1968, baada ya kuwa na mazoea ya kuketi na maskini wa Kingston na kuzungumza nao historia ya Afrika. Mazungumzo hayo yalitolewa kitabu mwaka 1969, The Groundings with My Brothers.

Hapana budi kukiri ubora wa darasa hili. Lilikuwa kikao cha hiari, lilimweka mwanafunzi na profesa katika benchi moja, na halikuridhika na nadharia isiyo na vitendo. Wanafunzi walikwenda kulima na wanavijiji, na jarida lao walilipiga chapa wenyewe kwa stensili na mashine ya kurudufu. Kwa namna fulani lilikuwa baraza, kwa maana ile ya kwanza ya neno. Lakini lilikuwa baraza la Kiingereza.

Jina la Kiswahili, matini ya Kiingereza

Jarida hilo liliitwa Cheche. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969, chini ya wahariri Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Jina lilikumbusha Iskra, gazeti la Lenin, pamoja na The Spark la Ghana ya Nkrumah. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini, na mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ikalifuta jarida pamoja na USARF. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: tawi la Umoja wa Vijana wa TANU lilitosha chuoni, na jina la jarida lilidokeza ujamaa wa Kirusi ilhali Tanzania ilikuwa na ujamaa wake.

Kwa mhakiki wa lugha, tukio hili lina kinaya cha aina yake. Matini, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Kiingereza, ilikuwa na ukali wa kutosha kumkera kiongozi yeyote. Lakini kilichoshtakiwa hadharani kama kitu cha kigeni ni neno moja la Kiswahili lililokuwa juu ya jalada. Jarida lililofuata, mapema mwaka 1971, liliitwa MajiMaji. Jina hilo la vita vya 1905 hadi 1907 lisingeweza kuitwa la Kirusi. Wanafunzi walishinda hoja ya jina. Hoja ya lugha ya ndani haikuguswa na upande wowote.

Yapo majibu ya haki kwa lawama hii. Kikao kilichowaunganisha vijana wa nchi nyingi kilihitaji lugha ya pamoja, na kuwataka wote waseme Kiswahili kungewafungia nje baadhi ya wale ambao undugu wao ndio uliokuwa fahari ya kikao. Hakuna lugha isiyomwacha mtu nje. Jibu la pili, kwamba Kiswahili kilikuwa hakijawa tayari kwa nadharia, halina mashiko. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kulieleza suala la unyonyaji kwa Kiswahili kilichoeleweka vijijini, likitegemea kitenzi ambacho kila mzazi anakijua, kunyonya. Kutokana na picha hiyo, kupe na mirija viliingia katika msamiati wa siasa bila kamusi. Na Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa chuoni hapohapo mwaka 1970, ilifundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili. Lugha ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni haja ya kuitumia, kwa kuwa msikilizaji aliyekusudiwa kwa dhati alikuwa msomi mwenzao.

Rodney mwenyewe aliliona tatizo hili kwa uwazi. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1990, miaka kumi baada ya kuuawa Georgetown, anaeleza miongoni mwa sababu za kurejea Guyana kwamba kujua maneno ya lugha ya watu hakutoshi. Mwanasiasa anahitaji ile hisi ya ndani inayotokana na kuishi katika jamii, ambayo mgeni haipati kwa urahisi. Kauli hiyo inapasa kuchukuliwa kama hukumu ya kifasihi, kwani inahusu mipaka ya usemi. Mtu aliyewahi kuketi chini na maskini wa Kingston aliijua tofauti kati ya kikao kile na darasa la Mlimani.

Jukwaa na kiwanda

Mwaka uleule wa 1969 ambapo Cheche lilitoka, Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Tamthilia hiyo inaonyesha neno likiwaunganisha watu waliogawanyika, kisha likamzidi nguvu aliyelitamka. Mwishoni Kinjeketile anakataa kulikana, kwa kuwa limekwisha kuwa mali ya watakaokuja. Mnamo 1971 ikafuata Mashetani, ambamo wasomi vijana wawili, Juma na Kitaru, wanazungumza kuanzia kwenye mbuyu hadi urafiki wao unaingia ufa wa kitabaka. Kazi hizi mbili zinauliza yaleyale yaliyoulizwa Jumapili: nani anasema kwa niaba ya nani, na uhuru umemnufaisha nani. Tofauti ni kwamba zinayauliza kwa lugha ambayo mpishi wa bweni na karani wa bandari wangeweza kuifuata. Si kusema kwamba Mashetani ni tamthilia nyepesi. Wahakiki wameihangaikia kwa miaka mingi. Lakini ugumu wake ni wa fumbo, na fumbo ni mali ya Waswahili wote, mwenye shahada na asiye nayo.

Ushahidi ulio mzito zaidi ulitoka viwandani. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kujivuna, kudharau watu na kuwaonea. Waraka huo ulisomwa kwa Kiswahili, na wafanyakazi waliushika kwa maneno yake. Meneja aliyetukana alisomewa kifungu. Kwa mujibu wa Shivji katika Class Struggles in Tanzania, kitabu cha mwaka 1976, kati ya Februari 1971 na Septemba 1973 palitokea migomo zaidi ya 30, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 22,000. Mwezi Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakiendesha wenyewe. Mapambano yaliyoitwa ya kimyakimya yalikuwa yamepata sauti, na sauti hiyo haikutoka katika darasa la Jumapili. Wanafunzi nao waliutumia waraka huohuo dhidi ya uongozi wa chuo, na Julai 1971 rais wa chama chao, Symonds Akivaga, Mkenya, akafukuzwa.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba Kiswahili kilikuwa kinga. Dola iliyolifuta jarida la Kiingereza iliizima pia migomo iliyonukuu waraka wa Kiswahili wa chama chenyewe. Tofauti iko katika kilichobaki. Kuifunga USARF kulihitaji tangazo moja. Kuwanyamazisha wafanyakazi waliokwisha kukijua kifungu kwa moyo kulichukua zaidi ya miaka miwili na kazi nyingi ya polisi.

Hitimisho

Kumbukumbu za Mlimani zimeanza kukusanywa na waliokuwepo. Hirji alihariri kitabu juu ya Cheche mwaka 2010, na wengine wa kizazi hicho, Shivji akiwemo, wameandika baadaye kwa Kiswahili mengi ambayo hapo awali yaliandikwa kwa Kiingereza. Geuko hilo ni uhakiki bora kuliko wowote unaoweza kutolewa na mtu wa nje. Linaonyesha kwamba waliohusika waliona pengo lililokuwepo.

Kwa idara za Kiswahili za Afrika Mashariki, funzo si la kale tu. Uhakiki unaodai kuutetea umma bado husomwa katika semina ambazo umma huo haualikwi, na wakati mwingine kwa lugha ambayo ungeihitajia mkalimani. Bibi Titi hakuwauliza wanawake wa Dar es Salaam waje kwenye kikao chake. Alikwenda kwenye kikao chao, akakuta lugha, wimbo na utaratibu vimekwisha kuwepo. Anayetaka kuandika historia ya fikra za kimaendeleo katika eneo hili hana budi kuanza na orodha ya vikao vya namna hiyo, kisha ndipo apande Mlimani.