Kasi ya tovuti

Kasi ya tovuti ni muda unaopita tangu mtu abonyeze kiungo hadi ukurasa ufunguke na kutumika. Kwa duka dogo au nyumba ya wageni, ndio muda ambao mteja huamua kusubiri au kwenda kwingine. Google ilitangaza vipimo vyake mwaka 2020: sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na yaliyomo yasirukeruke. Zana yake ya PageSpeed Insights hupima bila malipo. Ni vyema kupima kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao dhaifu, kwani kompyuta ya ofisini huficha kasoro.

Mzigo mkubwa mara nyingi ni picha. Picha ya simu huweza kufika megabaiti 4, ilhali ukurasa unaionyesha kwa upana wa sentimita chache tu. Kuipunguza na kuihifadhi katika muundo wa WebP ni kazi ya dakika chache, na hakuna marekebisho mepesi yanayoishinda kwa nafuu. Ili kupunguza mzigo zaidi, programu-jalizi zisizotumika huondolewa. Seva ikiwa Ulaya, mteja wa Mombasa huchelewa hata ukurasa ukiwa mwepesi; hapo husaidia huduma zinazoweka nakala karibu naye, kama Cloudflare.