Mgeni njoo, mwenyeji apungue

Wadau, leo tuongee Kiingereza kidogo halafu tuhamie ziwani. Waingereza wana maneno mawili mafupi, 'drop in'. Mtu akikuambia hivyo ana maana upitie kwake wakati wowote, bila miadi. Lakini soma taarifa yoyote ya uvuvi wa Ziwa Victoria, utayakuta maneno hayohayo na maana nyingine: 'a drop in catches', yaani samaki wanaovuliwa wamepungua. Kupitia na kupungua, maneno yaleyale! Na ukiisoma historia ya ziwa letu, mambo hayo mawili yamefuatana kweli.

Mpita njia anayejulikana zaidi ni John Hanning Speke. Alifika Mwanza Agosti 3, 1858, akaliangalia ziwa, akalipa jina la malkia wake, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshageuza. Watu wa hapa walikuwa na majina yao, Nyanza likiwemo. Lililobaki kwenye ramani ni la mgeni.

Huyo hakugusa samaki. Mgeni aliyewagusa ni sangara. Ndiyo, sangara huyuhuyu tunayemwona Mwaloni Kirumba kila asubuhi, ambaye vijana wengi wanadhani yupo tangu enzi za mababu. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Alitolewa Ziwa Albert na kwingineko, akapandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja ya maofisa wa kikoloni ilikuwa rahisi: ziwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miiba, basi aletwe samaki mkubwa avile ili sisi tumle yeye.

Kilichonishangaza ni kwamba walionywa. Michael Graham alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, na kwenye ripoti yake ya 1929 alitahadharisha juu ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka nje. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Afrika Mashariki, aliandika makala nzima kuupinga mpango huo. Samaki akamwagwa. Wananchi wa ziwani hawakuulizwa kabisa.

Kwa miaka kadhaa ikaonekana kama hakuna kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Uholanzi, kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, wakaja Mwanza kuwasoma furu. Walikuwa na kazi kweli, maana aina za furu ziwani zilikuwa zaidi ya 500, nyingi hazina hata jina la kisayansi. Kumbe wamefika dakika za mwisho. Katikati ya miaka ya 1980 sangara alilipuka katika Ghuba ya Mwanza, na furu waliokuwa wakijaza nyavu wakawa hawaonekani. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya yale aliyoyaona, kikatoka kwa Kiholanzi mwaka 1994. Tuseme ukweli pia, sangara hakuwa peke yake. Meli za kukokota nyavu zilishaanza kuwakomba furu kwa ajili ya chakula cha mifugo, na maji yalikuwa yanachafuka. Baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990, ila aina nyingi hazijaonekana tena.

Kwa mwenye familia hasara ilikuwa ya jikoni. Furu unamwanika juani, gharama hakuna. Sangara ana mafuta, juani haanikiki vizuri, lazima umbanike au umkaange. Kuni zikahitajika, miti ikakatwa.

Sisemi sangara hakuleta neema. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Mwanza miaka ya 1990, vijana wakapata kazi, minofu ikaruka Ulaya, mapanki yakabaki kwetu. Mnakumbuka filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilivyozua kelele, mpaka Rais Kikwete akaijibu hadharani mwaka 2006. Lakini soko hilo lina mwenyewe. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa sababu ya uvuvi wa sumu, hata mvuvi ambaye hajawahi kushika sumu alilala na njaa.

Sasa zamu imemfikia sangara mwenyewe. Anapungua, na wakubwa hawaonekani kama zamani. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, nyavu zikachomwa moto, watu wakatozwa faini. Uvuvi haramu ni kosa, hilo silitetei. Hoja yangu iko kwenye lugha. Magazeti yetu yanaandika "samaki wamepungua", kama vile wamejipunguza wenyewe kwa hiari yao. Kiswahili kinatofautisha kupungua na kupunguzwa, na anayepunguzwa lazima awe na mpunguzaji. Mvuvi wa Igombe mwenye wavu wa macho madogo ni mpunguzaji, sawa, na faini amelipa. Waliomwaga sangara bila kusikia onyo la 1929 wala la 1960, nani aliwatoza?

Nauliza kwa sababu mambo haya hayajaisha. Leo vizimba vya sato vinaongezeka ziwani, na sato huyo tunayemfuga naye ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950. Vinaweza kutusaidia sana. Lakini safari hii wataalamu wakionya wasikilizwe, na wenye mitumbwi waulizwe mapema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa hawajamwona sangara.