Viraka vya Gee's Bend

Leo nawasimulia habari za viraka.

Huku Alabama kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu. Wakazi wengi ni vizazi vya watumwa waliolima pamba, na hadi leo wengi wanaitwa Pettway, jina la aliyewamiliki babu zao. Kwa umaskini, akina mama walichana ovaroli na magauni yaliyochakaa wakashona mablanketi ya baridi. Walipanga vipande kwa jicho lao wenyewe, huku wakiimba na kusali. Mkono ukifanya kazi, moyo unatulia.

Mwaka 1962, Weusi walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kivuko cha kwenda mjini Camden kilisitishwa. Ikabidi kuzunguka mbali kwa barabara. Hawakukunja mikono: mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa makumbusho ya sanaa Houston, na mwaka 2006 yakatokea kwenye stempu za posta. Mwaka huohuo kivuko kikarudi, baada ya miaka 44!

Mama, zile kanga zilizochanika usizitupe. Nikija nazitaka.