Kenya: Taa za barabarani zikisababisha ajali, nani hulipa fidia?

Dereva anayeingia kwenye makutano ya barabara taa ikiwa ya kijani huamini kwamba magari ya upande wa pili yamezuiwa na taa nyekundu. Hitilafu ya taa ikiyaruhusu yote kwa pamoja na yakagongana, sheria ya Kenya inampa majeruhi haki ya kudai fidia kwa mamlaka inayosimamia taa hizo. Hata hivyo, muda wa kufungua madai hayo ni mfupi kuliko wa ajali ya kawaida, na wengi huufahamu ukiwa umekwisha kupita.

Taa ni za nani?

Swali la kwanza ni mdaiwa anayestahili. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, usimamizi wa magari na maegesho, huku barabara kuu za kitaifa zikibaki kwa Serikali Kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo iliunda mamlaka tofauti, zikiwemo ya Barabara Kuu (KeNHA) na ya Barabara za Miji (KURA). Katika mji mmoja, kwa hiyo, makutano mawili yanayokaribiana yanaweza kuwa chini ya taasisi mbili. Anayeishitaki taasisi isiyohusika hujiweka katika hatari ya kushindwa kabla ushahidi wake haujasikilizwa.

Uzembe lazima uthibitishwe

Kuharibika kwa taa peke yake hakutoshi. Mdai hutakiwa kuonesha kwamba mamlaka ilikuwa na wajibu wa kuitunza, kwamba iliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomletea madhara. Taa iliyozimika dakika chache kabla ya ajali si sawa na taa iliyolalamikiwa kwa wiki kadhaa bila kutengenezwa, kwani katika hali ya pili ni vigumu kwa mamlaka kudai kwamba haikujua.

Aina ya hitilafu nayo ina uzito. Taa zikizimika kabisa, dereva huiona hatari na hutarajiwa kupunguza mwendo na kuingia kwa tahadhari. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumbebesha sehemu ya lawama, hata yote. Taa za pande mbili zinazokinzana zikiwaka kijani kwa wakati mmoja, dereva hana dalili ya kumwonya. Mitambo ya kisasa huwa na kifaa kinachozuia hali hiyo kwa kuzima taa au kuzifanya zimwekemweke, hivyo ikitokea, huzua maswali kuhusu ufungaji na matengenezo.

Miezi 12, si miaka mitatu

Abiria au mtembea kwa miguu aliyeumia kwa kawaida humdai dereva, ambaye bima yake ya lazima hugharamia fidia ya hadi shilingi za Kenya milioni 3. Muda wa kufungua shauri hilo ni miaka mitatu. Lakini dereva akithibitisha kwamba alipita kwa taa ya kijani bila uzembe wowote, hawajibiki, na bima yake hailazimiki kulipa.

Hapo hubaki mamlaka ya barabara. Madai ya uzembe dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, na Sheria ya Barabara inaweka muda huohuo kwa mamlaka za barabara, pamoja na notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti la notisi ya siku 30 kwa Serikali linakiuka haki ya kuifikia mahakama, lakini kuitoa bado ni tahadhari ya busara. Hata baada ya ushindi, mali ya Serikali haikamatwi ili kulipa deni. Mdai hufuata hati maalumu ya malipo.

Tanzania na Uganda

Nchini Tanzania, anayeishitaki Serikali hutoa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika mashauri dhidi ya wakala za Serikali na halmashauri. Uganda huweka notisi ya siku 45 na ukomo wa miaka miwili, ingawa Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2014 kwamba kukosa notisi hakuuwi shauri.

Ushahidi hutoweka mapema

Katika nchi zote tatu, taa iliyoharibika usiku inaweza kutengenezwa asubuhi. Picha na video zinazoonesha rangi za taa za pande zote, majina ya mashahidi, taarifa ya polisi inayotaja hitilafu hiyo, na fomu ya matibabu, yaani P3 kwa Kenya au PF3 kwa Tanzania, ndivyo hubaki kuieleza mahakama kilichotokea.