Ahadi ni Deni: Historia ya Barua Pepe na Umeme wa Saa Nane

Najua nimeadimika hapa, fildi ilinibana kwelikweli. Sasa nimerudi chuo, niko zangu hosteli, na leo nawaletea historia kidogo. Msikimbie, siyo ya Mkutano wa Berlin!

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kipindi cha kompyuta, kidato cha pili. Mashine chache za kizamani, intaneti hakuna. Mimi na mwenzangu tukachukua moja iliyochoka kuliko zote, isiyo hata na diski, tukaiwashia Tiny Core kutoka kwenye flashi na kuweka Postfix juu yake, ili watoto waandikiane barua pepe humohumo chumbani. Tukaiacha inawaka usiku na mchana, wiki nzima mambo safi. Ijumaa saa nane mchana umeme ukakatika. Uliporudi, seva ikagoma, na barua zote hakuna.

Jumatatu binti mmoja akanifuata nje ya ofisi. "Ticha, ile barua yangu uliisoma?" Nikaduwaa. Kumbe aliniandikia jambo ambalo hawezi kulisema darasani. Programu ilimwambia imetumwa, na siku zote hizo anadhani nimeisoma nikanyamaza. Jamani, niliumia.

Ndipo nikaanza kuchimba, nikakuta kuna historia mbili ambazo sisi tulizigonganisha bila kujua.

Ya kwanza ni ya barua. Mwaka 1971, huko Marekani, Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa kutumia alama ya @. Sanduku la barua lilikuwa faili tu: ujumbe ukifika, unaongezwa mwishoni mwa faili la mpokeaji. Yaani tangu siku ya kwanza barua pepe ni kitu kinachowekwa mahali kikae. Mwaka 1979 Eric Allman, pale Berkeley, akaandika delivermail, na baadaye Sendmail. Agosti 1982 Jon Postel akatoa kanuni za SMTP, yaani namna seva mbili zinavyosalimiana na kupokezana mzigo. Mwishoni seva inayopokea inajibu kwa namba 250, maana yake sawa, nimepokea.

Sasa sikilizeni hapa. Oktoba 1989 ikatoka RFC 1123, waraka ulioeleza uzito wa hiyo 250. Ukishaijibu, mzigo ni wako. Huruhusiwi kuupoteza kwa sababu za kipuuzi, na mfano unaotajwa ni kompyuta kuzimika baadaye! Ukishindwa kuufikisha, jaribu tena na tena, kwa siku nne au tano, ndipo ukate tamaa. Wazee wetu wangesema ahadi ni deni. Wietse Venema alipotoa Postfix mwaka 1998, akiwa IBM, aliliheshimu hilo: Postfix inaandika kwanza barua kwenye diski, ndipo inajibu 250.

Historia ya pili ni ya mifumo inayoishi kwenye ramu. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux nzima kwenye CD moja, unawasha bila kugusa diski. Ikafuata Damn Small Linux iliyobanwa ndani ya megabaiti 50. Mmoja wa waliofanya kazi humo, Robert Shingledecker, akaanzisha Tiny Core mwaka 2008, na chimbuko lake lilikuwa megabaiti 10 hivi. Uzuri wake ni huu: kila ukiwasha, mfumo unafunguliwa upya kwenye ramu, safi kama siku ya kwanza. Virusi au makosa ya jana, kwaheri. Kinachobaki ni kile ulichokiorodhesha kwenye faili la .filetool.lst, nacho kinahifadhiwa pale unapozima kwa utaratibu. Usipobadilisha kitu, orodha hiyo ina home na opt tu.

Mnaona mgongano? Mmoja kazi yake ni kusahau, mwingine ameapa kutosahau. Postfix wetu alidhani anaandika kwenye diski, kumbe anaandika kwenye ramu. Akajibu 250 kwa moyo mweupe. Foleni na masanduku yote yalikuwa ndani ya /var, na /var ikaondoka na umeme. Hata kugoma kwa seva chanzo ni hichohicho: Postfix inahitaji mtumiaji wake aandikwe ndani ya /etc, na /etc nayo ilizaliwa upya haimjui. Kwa hiyo kosa halikuwa la mfumo wala la programu. Lilikuwa letu.

Mwenzangu akasema tuongeze /var kwenye orodha, yaishe. Haiishi! Hifadhi inafanyika unapozima vizuri, na umeme ukikatika hausubiri mtu. Tulichofanya ni hiki: majina ya watumiaji na mipangilio ya Postfix tukaviingiza kwenye orodha, tukahifadhi hapohapo. Foleni na masanduku tukavihamishia kwenye diski ya kweli, ya mtumba, iliyofomatiwa ext4. Tulijaribu kwanza flashi ya FAT ikakataa, kwa sababu FAT haitunzi umiliki wa mafaili na Postfix ni mkali kwa hilo. Halafu tukatuma barua, tukachomoa waya ukutani makusudi, tukawasha tena. Barua ipo! Darasa zima lilishangilia.

Yule binti nilimwambia ukweli kwamba sikuisoma, ilipotea, na kosa ni langu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuambia kwa mdomo." Tukakaa chini ya mwembe, akasema. Alichosema hakiji hapa, hiyo ni amana.

Wadau wa ualimu, karibu wote tutapokea madaftari ya watoto na kusema "nimepokea". Kabla hujasema, hakikisha una pa kuyaweka.

Haya, kesho nina semina saa moja asubuhi. Usiku mwema!